Kuangalia simu za Asterisk laivu

Jamani nyie mnaoshughulika na simu za hoteli huko Nungwi na Paje, kama mmefunga Asterisk, ile programu ya kuendesha simu kwenye seva, msingoje mgeni alalamike ndo mkaangalie. Ingia kwenye seva andika asterisk -rvvv, hapo unaona simu zinavyoingia, ipi inapita wapi na inakatikia wapi. Kujua nani yuko hewani saa hii ni core show channels. Halafu pjsip show contacts, hiyo yaonyesha simu zilizojisajili kwenye seva, iwe tu umeweka qualify_frequency (ule mpangilio wa seva kuiuliza simu kila baada ya sekunde kadhaa kama ipo), ukiona Unavail, yaani haipatikani, au simu haimo kabisa kaangalie swichi ya mtandao kwanza, umeme wetu mwaujua wenyewe, ukikatika ukarudi swichi nyengine haziamki. Kutoka andika exit, core stop now usiiguse kabisa, hiyo yazima Asterisk yenyewe na wanaoongea wote wanakatika papo hapo.