Waifai inakatakata kwenye laptopu ya Linux? Anzia hapa

Kabla hujailaumu ruta, shika simu yako uiunge kwenye waifai hiyohiyo, kama simu inapeta vizuri na laptopu ndo inakatika kila baada ya dakika chache basi shida iko kwa laptopu.

Mi mara nyingi nakuta mchawi ni kuokoa umeme, yaani kadi ya waifai inajilaza ili betri idumu, halafu ikishtuka mtandao ushaondoka. Fungua terminali, andika `iw dev` upate jina la kadi, tuseme wlp2s0, kisha `iw dev wlp2s0 get power_save`. Ikijibu on, izime: `sudo iw dev wlp2s0 set power_save off`. Itumie nusu saa uone. Ikitulia ndo yenyewe, ila ukiwasha mashine upya inarudi palepale, kwa hiyo kama una NetworkManager (programu inayosimamia mtandao kwenye Linux nyingi) tengeneza faili kwenye /etc/NetworkManager/conf.d/, liite mfano zzz-waifai.conf ili lisomwe la mwisho, mstari wa kwanza [connection] na wa pili `wifi.powersave = 2`. Hiyo 2 ndo kuzima, 3 ni kuwasha, mi nilishazichanganya nikahangaika jioni nzima. Malizia na `sudo systemctl restart NetworkManager`.

Bado? Jaribu `sudo dmesg | grep -i firmware`, ukiona imeshindwa kupakia faili ujue femwea, yaani programu ndogo inayoiendesha kadi ya waifai, haipo, unga simu kwa waya wa USB ikupe intaneti uishushe.

Na kama waifai haionekani kabisa, andika `rfkill list` kwanza uone kama imezimwa, isije ikawa ni kitufe tu umekibonyeza bila kujua.