Namna ya Kuripoti Ajali na Nusura-ajali Melini

Kamba ya kufungia meli inapokatika kwenye gati la Malindi, Unguja, na kumkosa baharia kwa shibri moja, kwa kawaida watu husema alhamdulillahi, hutoa kamba nyingine na kazi ikaendelea. Hiyo ni nusura-ajali, nayo inastahili kuandikwa kama ambavyo ingeandikwa lau baharia huyo angevunjika mguu, kwa kuwa chanzo ni kilekile.

Maisha yakiwa hatarini, usishughulike na karatasi kwanza. Mjulishe nahodha ili msaada uitwe kwa redio ya VHF, chaneli 16. Hali ikitulia, andika siku hiyohiyo, kabla mabaharia hawajaanza kusimuliana, maana baada ya hapo kila mmoja hukumbuka ya mwenzake. Taja tarehe, saa, mahali, upepo, maji kujaa au kupwa, shehena iliyokuwemo, waliokuwa karibu na kazi waliyokuwa wakiifanya. Andika ulichokiona: "kamba ilikuwa imechakaa karibu na kitanzi" ni maelezo yanayoweza kufanyiwa kazi, ilhali "uzembe wa mabaharia" ni hukumu tu. Kipande kilichokatika kipigwe picha na kihifadhiwe, kisitupwe baharini.

Ripoti humfikia nahodha kwanza, kisha kampuni. Kanuni ya kimataifa ya usimamizi wa usalama melini, ISM, iliyoanza kuwa ya lazima kwa meli za abiria za safari za kimataifa tarehe 1 Julai 1998, inaitaka kampuni iteue mtu wa nchi kavu anayeweza kumfikia kiongozi wa juu kabisa. Utaratibu huo unafaa kuigwa hata na vyombo vya Unguja na Pemba ambavyo kanuni hiyo haivibani. Ajali yenyewe ifikishwe pia kwa Mamlaka ya Usafiri Baharini Zanzibar.

Linalofichwa zaidi, kwa maoni yangu, ni abiria kuzidi idadi iliyoruhusiwa. Chombo kikifika Mkoani salama, hakuna anayeliona kuwa ni tukio, ingawa meli ya abiria Spice Islander I, iliyozama tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, ilikuwa imejaza watu kupita kiasi. Safari ya namna hiyo iripotiwe hata ikiwa hakuna aliyelowa, na nahodha asimwadhibu aliyeiripoti, la sivyo hataletewa ripoti nyingine.

Baki na nakala, na uulize hatua iliyochukuliwa. Kamba ikibadilishwa, tarehe iandikwe kwenye ripoti ileile. Isipobadilishwa, andika upya na uitaje ripoti ya kwanza.