Somo: Buu mwenye mikia miwili, kazi ya mwanga wa urujuanimno

Wadau, leo tunapitia jaribio la Klaus Kalthoff, Ujerumani, miaka ya 1970. Alitumia mayai ya Smittia, mdudu anayefanana na mbu ila hang'ati. Jamaa zake ni wale wanaofuka kama moshi juu ya Ziwa Victoria.

1. Chukua mayai machanga, wakati viini vya seli (nuklia, si kiini cha njano) vinagawanyika ndani ya ute na tabaka la seli halijajengeka. Ukichelewa, umbo limeshaamuliwa.

2. Yapange yaelekee upande mmoja, funika nyuma, acha ncha ya mbele tu wazi. Jaribio zima liko hapa: ukimulika yai lote hutajua sehemu ipi imeleta nini. Tenga na mengine yasiyomulikwa, ya kulinganishia.

3. Mulika kwa urujuanimno wa mawimbi mafupi, mfano nanomita 254. Kinga macho na ngozi, taa hii inaunguza.

4. Hamishia gizani mara moja. Yakipata mwanga wa buluu, mengi hujirekebisha na mabuu hutoka wazima.

5. Tazama kwa hadubini. Kichwa hakuna, kifua hakuna. Mahali pake pameota tumbo la pili, pingili kwa pingili, limegeukia upande wa pili. Mimi hili hunishangaza kila mara: mwanga haukuacha pengo, umefuta agizo la "hapa ni mbele", na yai likajenga mkia.

MASWALI

– Mkuu, si DNA tu imeharibika?

Hapana. Mwaka 1976 Kandler-Singer na Kalthoff walitoboa ncha ya mbele yai likiwa ndani ya kimeng'enya kinachokata RNA (nakala ya maagizo ya jeni). Mikia miwili ikatokea bila mwanga wowote. Kinacholengwa ni RNA iliyowekwa pale na mama.

– Ndiyo ile bicoid, jeni inayoelekeza wapi ni mbele kwa nzi wa matunda?

Kazi inafanana, jeni ni nyingine. Kwa Chironomus riparius, jamaa wa Smittia, mwaka 2015 ilitambuliwa jeni ya panish. Ukiizima, unapata mikia miwili vilevile.

– Naweza kuanika tu juani?

Haitafaa. Mawimbi hayo huzuiwa na ozoni juu huko, na mwanga wa jua wenyewe ungerekebisha.

– Na nikimulika nyuma?

Rudolf Geigy alifanya hivyo mwaka 1931 kwa mayai ya Drosophila, yaani nzi wa matunda. Wakatoka nzi wenye umbo kamili lakini tasa, kwa sababu seli za uzazi huanzia ncha ile. Ndiye Geigy huyohuyo aliyeanzisha maabara ya Ifakara, Tanzania, mwaka 1957.