Kusubu puli ya alumini kwa kalibu ya mchanga

Kusubu ni kuyeyusha metali na kuimimina kwenye kalibu, yaani umbo tupu ndani ya mchanga. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, joto ambalo jiko la mkaa lenye feni hulifikia. Chuma safi hudai 1,538.

1. Skrapu. Chukua pistoni na silinda hedi kuukuu: zina silikoni, hivyo uji wake (alumini iliyoyeyuka) hutiririka hadi pembeni mwa kalibu. Fremu za madirisha hutiririka vibaya na hupasuka zikiganda. Makopo ya soda huishia kuwa taka. Ng'oa ringi na pini za chuma, kisha pitisha sumaku. Usisubu sufuria kwa mchanganyiko huu, maana skrapu huweza kuwa na risasi, metali yenye sumu.

2. Kielelezo cha mbao, yaani mfano wa puli unaoacha umbo lake mchangani. Alumini husinyaa, kwa hiyo puli ya mm 200 ichongwe mm 203, na mm 3 zaidi panapochongwa kwa lethi (mashine ya kukereza). Kipe mteremko kidogo kitoke bila kubomoa mchanga. Kipime: kikiwa cha msonobari mkavu, zidisha uzito kwa sita upate alumini ya puli yenyewe, kisha ongeza ya kujaza matundu ya kalibu.

3. Mchanga. Kilo 10 za mchanga laini, kilo 1 ya udongo wa mfinyanzi, maji nusu lita. Finyanga ngumini: donge likatike safi, kiganja kisilowe. Shindilia kukizunguka kielelezo, kitoe, kisha acha tundu la kumiminia na lingine nene juu ya kitovu. Hilo la pili ni akiba ya kulisha puli inaposinyaa.

4. Kuyeyusha. Hapa ndipo watu huumia. Unyevu ukizama kwenye uji hugeuka mvuke papo hapo na kuurusha usoni, kwa hiyo kila kipande, hata upawa, kipashwe moto kwanza. Chungu cha chuma kipakwe udongo na kikaushwe, la sivyo chuma huyeyukia ndani na puli huwa kavu, yenye kuvunjika. Juani alumini haionyeshi wekundu, jicho hudanganya. Tumia kipimajoto na umimine kwenye 700 hadi 720. Ikipita 750 hunywa haidrojeni nyingi.

5. Engua utando wa juu ya uji mara moja tu, mimina mfululizo bila kusita. Fungua baada ya nusu saa.

Kata tundu la akiba ukague. Vishimo vidogo vya mviringo vilivyotapakaa ni gesi: joto lilizidi au skrapu ilikuwa na oili. Shimo moja lenye kuta za kukwaruza karibu na kitovu ni kusinyaa. Ongeza unene wa tundu.