Ruzuku za utafiti na uandishi: anza na pasipoti, andiko baadaye

Maombi mengi ya watu wetu walio ughaibuni huanguka kabla andiko halijasomwa. Mtu hukaa miezi akisuka hoja yake kuhusu tenzi za Pate au historia ya vibarua wa reli, anaituma, kisha anajibiwa kwa mistari miwili: hustahiki. Hoja haina ubaya wowote. Mfuko ule hutoa fedha kwa raia tu, au kwa wenye ukaazi wa kudumu, au (na hili huwashangaza wengi) kwa mtu ambaye haishi katika nchi hiyo.

Basi kabla hujaandika sentensi ya kwanza, weka mezani mambo manne: uraia wako, aina ya kibali cha ukaazi, tarehe uliyoingia nchi unayoishi sasa, na kama una shahada ya uzamivu, tarehe uliyoipata. Ukishayaona hayo kwa pamoja, nusu ya milango utaifunga mwenyewe bila kupoteza muda, na mingine ambayo hukuifikiria itakufungukia.

Chukua ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya, ule wa watafiti waliokwisha kupata uzamivu. Kwa anayekwenda Ulaya, hauulizi uraia. Mtanzania, Mrundi na Mwomani wote huomba kwa masharti yaleyale, na fani za insia (lugha, fasihi, historia na kadhalika) zimo pamoja na sayansi nyingine. Sharti lake gumu ni la mahali: katika miezi 36 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, usiwe umeishi au kufanya kazi zaidi ya miezi 12 katika nchi unayotaka kwenda. Mkenya aliyesomea Ujerumani na bado yuko huko hawezi kuomba kubaki Ujerumani. Lakini akiangalia Ubelgiji, Italia au Uholanzi, yuko huru. Na kinyume chake, Mkenya aliyeko Toronto au Muscat anaweza kuomba chuo cha Bayreuth, Ujerumani, ambako Kiswahili kinafundishwa na kutafitiwa kwa miongo mingi, au Napoli, Italia, ambako chuo cha L'Orientale kina mapokeo yake ya masomo hayohayo.

Hapo pana kifungu ambacho watu wa Kongo na Burundi wanapaswa kukisoma mara mbili. Muda uliokaa ukisubiri uamuzi wa maombi yako ya ukimbizi chini ya Mkataba wa Geneva hauhesabiwi katika ile miezi 12. Nimewahi kuona watu wakijiondoa wenyewe kwa sababu waliuhesabu. Usijihukumu kabla ya kanuni kukuhukumu. Mwandikie mtu wa ofisi ya miradi katika chuo unachotaka kikupokee, umpe tarehe zako, akujibu kwa maandishi. Ofisi hizo zipo kwa kazi hiyo, na chuo kinapenda ufaulu, kwa kuwa fedha hupitia kwake na wewe unakuwa mwajiriwa wake kwa mkataba. Kikwazo kingine ni umri wa kitaaluma: usiwe umevuka miaka 8 ya utafiti tangu uzamivu. Na ushindani ni mkali, mwaka 2025 maombi yalipita 17,000, kwa hiyo anza mazungumzo na profesa wa kukupokea mwezi wa tatu au wa nne ili Septemba, mwezi wa mwisho wa maombi, isikukute ukitafuta jina la kujaza kwenye fomu.

Marekani mambo hukaa vingine. Wakfu wa Guggenheim, unaotoa ufadhili tangu 1925, umekuwa ukiwahudumia raia na wakaazi wa kudumu wa Marekani na Kanada, na huangalia mtu aliyekwisha kuchapisha kazi za kueleweka. Shirika la serikali la insia, NEH, kwa miaka mingi limewakubali pia wageni walioishi nchini kwa miaka mitatu kabla ya tarehe ya maombi, hata bila kadi ya kijani. Ila Aprili 2025 shirika hilo lilifuta ruzuku nyingi ambazo lilikuwa limeshazitoa, watu wakiwa katikati ya kazi. Sisemi usiombe. Nasema usiache kazi ya mshahara kwa kutegemea barua moja ya serikali.

Kituo cha Cullman katika maktaba kuu ya umma ya New York ni mfano wa mlango ambao hauulizi pasipoti. Kila mwaka huchukua watu 15, wanazuoni na waandishi wa hadithi pamoja, kuanzia Septemba hadi Mei, wanapewa ofisi na posho ya kuishi. Kinachoulizwa ni kama kazi yako inahitaji kweli hazina ya maktaba ile. Ukiandika kuhusu mabaharia wa Kimarekani waliofika Unguja karne ya 19, una hoja. Ukiandika riwaya inayotokea Singida mwanzo hadi mwisho, tafuta kwanza katika orodha ya makusanyo yao kitu kitakachokubeba, na kama hakuna, nenda kwingine. Kwa mwandishi anayetaka wiki chache tu za kimya, kuna makazi ya waandishi kama MacDowell huko New Hampshire, yaliyoanza 1907, ambako kulala na kula ni bure. Fomu huwa na ada ndogo. Kama dola 30 ni mzigo, uliza kama wanasamehe. Kuuliza hakumshushi mtu.

Uingereza, Baraza la Sanaa la England lina ruzuku ya kumkuza msanii binafsi, kati ya pauni 2,000 na 12,000, na waandishi wamo. Sharti ni kuishi England. Lakini mwenye viza ya mwanafunzi nchini humo haruhusiwi kujiajiri, na kupokea fedha kama mwandishi wa kujitegemea kunaweza kuhesabiwa hivyo. Ruzuku ya kwanza ya maisha yako isije ikakuharibia viza. Vivyo hivyo Marekani: mwenye viza ya F-1 apite kwanza ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na aliye na H-1B akumbuke kwamba ruhusa yake ya kufanya kazi imefungwa kwa mwajiri aliyemwombea. Vyuo vingi huwaleta watafiti wageni kwa viza ya J-1, na baadhi ya hizo, hasa zikiwa na fedha za serikali ndani yake, humlazimu mtu kurudi nchi yake miaka miwili kabla ya kuomba ukaazi wa kudumu. Kama una mpango wa kubaki, isome viza hiyo kwa makini zaidi kuliko ulivyosoma kiasi cha posho.

Sasa tuje nyumbani, maana wengi wetu tunataka fedha za huku zitupeleke kule. Mpango wa Carnegie kwa wanadiaspora wa Kiafrika, ulioanza 2013, ulijengwa hasa kwa ajili yetu: mhadhiri aliyezaliwa Afrika, anayefundisha Marekani au Kanada, alikwenda chuo cha Kenya, Tanzania, Uganda, Ghana, Nigeria au Afrika Kusini kwa siku 14 hadi 90, akaandae mitaala, asimamie wanafunzi wa uzamili au afanye utafiti na wenzake. Jambo la kujifunza pale ni kwamba ombi la mradi lilitakiwa kutoka chuo cha Afrika. Mipango mingi ya aina hiyo huenda hivyo. Kwa hiyo ule urafiki wako na mhadhiri wa Dodoma au Eldoret, unaouendeleza kwa salamu za Idi na Krismasi, ndio mtaji wenyewe. Mwulize idara yake inakosa nini, umsikilize, kisha ndipo mtafute mfuko.

Na vibali. Tanzania, mtafiti mwenye pasipoti ya kigeni anahitaji kibali cha COSTECH, yaani Tume ya Sayansi na Teknolojia, na kibali cha ukaazi daraja C, na Zanzibar ina utaratibu wake pembeni. Hapa ndipo wenzetu waliochukua uraia wa Marekani au Uingereza hupata mshtuko: Tanzania haina uraia pacha kwa watu wazima, kwa hiyo mtoto wa Tanga anayekwenda kurekodi masimulizi ya bibi yake anaandikishwa kama mgeni. Hadhi maalumu ambayo serikali imeiandalia diaspora si uraia, usiichanganye. Mkenya ana nafuu tangu Katiba ya 2010 iruhusu uraia pacha, ingawa leseni ya NACOSTI, tume ya Kenya inayosimamia utafiti, ni ya kila mtafiti, mwenyeji na mgeni. Uganda nenda UNCST, baraza la taifa la sayansi na teknolojia. Gharama hizi zitie kwenye bajeti, na muda wake kwenye ratiba. Jopo likiona umezikumbuka, linajua unakijua unachokwenda kukifanya.

Kwa aliye na hadhi ya ukimbizi nasema jambo moja bila kuzunguka: kurudi nchi uliyoikimbia, hata kwa utafiti wa wiki tatu, kunaweza kutumiwa kukunyang'anya hadhi hiyo. Uliza mwanasheria kabla ya kukata tiketi. Kazi ya historia ya Kongo inaweza kufanywa Tervuren, katika jumba la makumbusho la Afrika ya Kati, na hati nyingi za Kiswahili ziko chuo cha SOAS, London. Kwa mwandishi aliye hatarini kuna mtandao wa ICORN wenye makao Stavanger, ambao miji yake humpokea mtu kwa kipindi cha kama miaka miwili, na kwa mwanazuoni kuna Scholars at Risk na mpango wa PAUSE wa Ufaransa.

Uraia huo huo huingia hata kwenye mashindano. Tuzo ya Hadithi Fupi ya Jumuiya ya Madola hupokea hadithi za Kiswahili, bila ada, maneno 2,000 hadi 5,000, lakini ni ya raia wa nchi za Jumuiya. Mtanzania aliyejiandikisha kuwa Mmarekani ameshatoka. Mnyarwanda amo, nchi yake ilijiunga 2009. Tuzo ya Kiswahili iliyoanzishwa 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo sasa inaitwa Safal-Cornell, haimbani mtu hivyo: inaangalia lugha ya mswada.

Tafsiri ndiyo sehemu ninayoona tunaiacha mezani. Mfuko wa PEN/Heim wa Marekani, ulioanza 2003, huwapa watafsiri dola 2,000 hadi 4,000 kwa kitabu kinachokwenda Kiingereza, na hauulizi mtafsiri ni raia wa wapi. Majaji wanataka sampuli ya tafsiri, maelezo ya kwa nini kitabu hiki, na uthibitisho kwamba haki za Kiingereza zinapatikana. Huo wa mwisho ndio huwakwamisha watu. Mchapishaji wa Nairobi au Dar alishafunga, mwandishi ameshafariki, watoto wake wametawanyika. Kwa sheria za Kenya na Tanzania hakimiliki huendelea miaka 50 baada ya mwandishi kufa, na Uingereza na Umoja wa Ulaya wana hesabu ya miaka 70. Kwa hiyo anza na barua ya haki, tafsiri ifuate. Nenda kwa familia kwa adabu, na mtu mzima wa kukutambulisha, ueleze fedha ni ndogo na zinakwenda kwa nani, na upate sahihi ya anayetambuliwa kisheria. Mjomba mwenye sauti kubwa si lazima awe ndiye.

Kama kazi yako ni ya nyaraka au lugha zinazofifia, mifuko ni mingine. Mpango wa Maktaba ya Uingereza wa nyaraka zilizo hatarini uligharimia kupiga picha miswada ya Msikiti wa Riyadha, Lamu, na miswada yenyewe ikabaki Lamu. Wabarawa waliotawanyika Mombasa, London na Atlanta wana Chimiini, lahaja ya Kiswahili ya Barawa, Somalia, na kazi ya kuirekodi inaweza kufanyika sebuleni kwa wazee walio mtaa wa pili. Ukaribu huo uandike kwenye andiko kama sifa, maana mtafiti wa nje angehitaji miaka kuupata.

Kuhusu andiko lenyewe nitasema machache. Msomaji wako hajui Kiswahili na amechoka. Usimfundishe Afrika. Mwambie katika aya ya kwanza utakisoma nini, kiko wapi, unataka kujua nini, na mwisho wa mwaka utakuwa umekamilisha nini. "Sura tatu na tafsiri ya beti 400" ni ahadi. "Kuchangia uelewa" si kitu. Wanaokuandikia barua za mapendekezo wapelekee andiko mwezi mmoja kabla, na angalau mmoja awe anajua Kiswahili, aweze kuthibitisha kwamba unachodai kipo.

Fedha zikija, kodi. Marekani, posho ya mtafiti asiyesomea shahada ni kipato, na mara nyingi mtoaji hakati chochote, unasubiriwa mwakani na bili. Mgeni asiyehesabiwa kuwa mkaazi wa kodi hukatwa juu kwa juu, asilimia 14 kwa wenye viza za F na J, 30 kwa wengi wengine, na Marekani haina mkataba wa kodi ya mapato na Kenya, Tanzania wala Uganda wa kukupunguzia. Ujerumani baadhi ya posho za utafiti husamehewa. Mwulize mtoaji swali hilo kabla ya kusaini, na kiasi utakachobaki nacho ndicho ukipangie kodi ya nyumba, na cha kutuma nyumbani.