Kuzalisha vayoleti ya Usambara bila kupoteza rangi ya maua

Jani moja la vayoleti ya Usambara, ua dogo la chunguni lenye asili ya Tanzania, hutoa miche kadhaa, na kama maua ya mmea mama ni ya rangi moja, karibu miche yote humfuata mama. Kazi ipo kwenye maua yenye mapambo: mistari, madoa au ukingo mweupe. Usishike wembe kabla ua halijafunguka ukalitazama vizuri, maana aina ya pambo ndiyo inayoamua sehemu gani ya mmea ikatwe. (Zile zilizopelekwa Ujerumani kutoka Usambara na kupewa jina la kisayansi mwaka 1893 zilikuwa na maua ya bluu-zambarau, mistari na madoa yamezuka baadaye vitaluni.)

Aina ngumu kuliko zote ni ya mistari: kila petali ina mstari mpana wa rangi ya pili unaotoka katikati ya ua kwenda ukingoni, kama njiti za baiskeli. Huo ni mmea wa kimera, yaani ngozi yake ina jeni za namna moja na tishu za ndani zina jeni za namna nyingine. Jani likipandwa, chipukizi jipya huanzia kwenye seli za tabaka moja tu. Tabaka la pili linabaki nyuma, na mche unachanua rangi moja. Mbolea na udongo havihusiki hapo. Dawa ni kutumia macho, yaani vitumba vya machipukizi vilivyokwisha kujengwa na mmea wenyewe, kwa kuwa yana matabaka yote.

Macho hayo yapo kwenye kikonyo cha maua. Chagua kikonyo kinene ambacho maua yake yanakaribia kunyauka. Pale kinapogawanyika utaona vijani viwili vidogo. Vikiwa vikubwa kidogo, ni bora zaidi. Futa wembe kwa spiriti, kata sentimita 1 hadi 1.5 chini ya vijani hivyo, kisha ondoa maua yote ya juu. Chomeka mpaka vijani viguse udongo, bila kuvifukia. Udongo uwe perlaiti na vemikulaiti (chembe nyepesi za madini za kupandia) nusu kwa nusu, au vumbi la makumbi ya nazi na mchanga wa mto uliochekechwa, kiasi sawa. Vumbi la makumbi lioshwe mara kadhaa kwanza, chumvi yake huunguza mizizi. Funika kwa mfuko mweupe unaopitisha mwanga, weka penye nyuzi joto 20 hadi 25 pasipo jua kali, na ufungue kidogo kila baada ya siku chache.

Vingi huoza, kwa hiyo panda vikonyo vitano au zaidi. Chipukizi huchukua wiki kadhaa kuonekana, na angalia limetokea wapi. Likiwa kwenye kwapa la kimoja cha vijani vile, yaani pale kinapoungana na kikonyo, ni lako. Likitoka chini, kwenye kidonda cha kukatwa, lina hatari ileile ya jani. Litenge na uliandike hivyo.

Ukiogopa vikonyo, vunja kichwa cha mmea, yaani kitovu kinachotoa majani mapya. Machipukizi yatatoka kwenye makwapa ya majani yaliyobaki, nayo hubeba mistari. Yakate yakifikisha majani manne au zaidi.

Madoadoa ni habari nyingine. Mengi yanaletwa na jeni zinazoruka, ambazo huwasha au kuzima rangi seli moja moja. Hapa jani linafaa, ila baadhi ya miche itachanua bila doa. Panda majani matatu kutoka kwa mama mwenye madoa mengi na utunze miche yote hadi ichanue. Usitegemee mche uliopoteza madoa kuyarudisha.

Ukingo mweupe kwa kawaida hupita kwenye jani bila shida: jani lililokomaa ila lisiwe kuukuu, kikonyo cha jani sentimita 3, mkato wa mshazari, mizizi baada ya wiki 3 au 4. Upana wake hubadilika kwa joto, kwa hiyo ua la msimu wa joto lisikufanye utupe mche.

Maua ya kwanza huja takriban miezi 6 hadi 9 tangu jani lipandwe. Hukumu uchanuaji wa pili au wa tatu, na mama asiondoke mpaka hapo. Kwenye kibandiko andika kwa penseli jina, tarehe na njia: jani, kikonyo cha maua au chipukizi. Mche wa kimera uliotoka kwenye jani usiuzwe kwa jina la mama kabla haujachanua.