Jinsi ya kupata utulivu kwenye meli kubwa ya kitalii (nimejifunza kwa kukosa usingizi)

Safari yangu ya kwanza kwenye meli kubwa, usiku wa kwanza nililala kama masaa matatu hivi. Chumba hakikuwa na shida, kitanda kizuri, bafu safi, ila ilipofika saa kumi na moja alfajiri nikasikia juu ya kichwa krrrr, krrrr, krrrr, nikakurupuka nikajua basi tena tumepanda mwamba. Kumbe juu yangu ndo kuna sitaha (ghorofa ya meli) ya bwawa la kuogelea na wahudumu wanaburuta viti vya kuotea jua ili wavipange kabla watu hawajaamka. Ikawa hivyo kila siku, siku saba. Kwenda kuomba nihamishwe naambiwa meli imejaa, pole sana. Tangu hapo sinunui tiketi ya meli kabla sijaikalia ramani ya sitaha kama mtu anayetafuta kiwanja.

Ukubwa wenyewe sasa. Icon of the Seas, iliyoanza kubeba abiria Januari 2024, ina urefu wa mita kama 365, sitaha 20, na ikijaa kabisa inabeba abiria 7,600, hapo bado hujahesabu wafanyakazi 2,350. Karibu watu elfu kumi ndani ya chuma kimoja kinachoelea! Unaweza kujiuliza utulivu utautoa wapi, ila watu wa melini wana tabia moja inayotusaidia sana sisi tusiopenda kelele: wanafuatana. Jua likiwaka wote bwawani, saa ya kula wote kwenye bufee, usiku wote ukumbini, kwahiyo saa yoyote ile kuna sehemu kubwa ya meli iko tupu, taa zinawaka, viti vimepangwa, hakuna mtu. Wewe jua tu umati uko wapi saa hiyo, afu nenda kwingine.

Tuanze na chumba maana hicho ukikikosea mengine yote ni kuhangaika tu. Ramani za sitaha zipo bure kwenye tovuti ya kampuni ya meli, chukua ya meli yako hasa maana hata meli pacha zinatofautiana. Tafuta namba ya chumba unachokitaka, afu angalia juu yake kuna nini na chini yake kuna nini. Unachotaka ni vyumba juu na vyumba chini, yaani uzungukwe na watu waliolala. Juu kukiwa na bwawa au bufee utaburutiwa viti kama mimi, juu kukiwa na njia ya kukimbilia utahesabu hatua za watu wanaopunguza mwili alfajiri, chini kukiwa na disko au ukumbi wa maonyesho basi besi inapanda na chuma mpaka kwenye mto wako. Na ukiona kwenye ramani kuna eneo jeupe halina jina usidhani umepata bahati, mara nyingi hapo ni jiko au stoo au njia za wafanyakazi, vitoroli vinapita na milango ya chuma inabamizwa masaa yote.

Kuna kitu kingine wengi hawakijui mpaka kiwakute, mlango wa kuunganisha vyumba. Umewekwa kwa ajili ya familia zinazochukua vyumba viwili, jirani yako akiwa mtu usiyemjua unafungwa kwa ufunguo, ila sauti hauzuii kabisa. Kwenye ramani huwa kuna kialama kidogo katikati ya vyumba viwili, soma maelezo ya alama pembeni ya ramani utakiona. Mimi nilishasikiliza ugomvi wa ndoa ya watu mwanzo mpaka mwisho, kesho yake nakutana nao kwenye lifti wameshikana mikono, nikakosa hata pa kuangalia.

Lifti nazo usikae mkabala nazo, watu wanarudi usiku wanacheka wanaagana nusu saa hapo hapo. Vyumba saba nane kutoka kwenye lifti panatosha.

Mbele kabisa, kwenye omo sitaha za chini, kuna nanga na minyororo yake, afu kuna zile mashine zinazoisukuma meli kiubavuubavu inapokaa sawa gatini, na meli nyingi zinaingia bandarini alfajiri wewe ukiwa kwenye usingizi mtamu. Nyuma kabisa kwenye tezi kuna rafadha, yale mapanga yanayozunguka majini kuisukuma meli, mtetemo wake unaweza kuona glasi ya maji inacheza yenyewe mezani. Katikati ndo penyewe, na katikati ya sitaha za chini ndo meli haiyumbi sana, ni kama ile bembea ya ubao, aliyekaa kati hapandi wala hashuki. Meli kubwa zina mapezi ubavuni chini ya maji yanayopunguza kulala huku na huku, lakini ile ya omo kupanda na kushuka hayaisaidii sana, kwahiyo ukikaa mbele juu kabisa siku bahari imechafuka utaijua rangi ya nyongo yako. Wahenga walisema kuenda tezi na omo marejeo ni ngamani (ngama ni ndani chini ya chombo), najua walikuwa na maana yao, ila mimi huwa nauchukua kama ushauri wa kuchagua chumba.

Sasa yote haya yanakwenda na maji ukinunua ile tiketi rahisi ambayo kampuni ndo inakuchagulia chumba. Watu wenye bahati wanapewa pazuri, mimi simo kwenye kundi hilo. Kama usingizi wako ni mwepesi lipia kidogo uchague mwenyewe, bora ukose balkoni. Na vile vyumba vya ndani visivyo na dirisha watu wanavidharau bure tu, giza lake ni giza kweli, ukizima taa hujui kama ni mchana au usiku, nilishalala humo mpaka saa nne asubuhi bila kugeuka. Balkoni ni nzuri ndiyo, ila angalia inatazama wapi. Meli za kampuni ya Royal Caribbean za aina ya Oasis zina balkoni zinazotazama ndani ya meli, kwenye bustani ya Central Park au kwenye Boardwalk, yaani mtaa wa burudani wa humo melini, na Boardwalk mwisho wake kuna jukwaa la maonyesho ya majini, kwahiyo ukichukua hiyo jua unanunua balkoni ya uwanjani.

Siku ya kupanda ndo siku mbaya kuliko zote. Vyumba mara nyingi havijawa tayari mpaka mchana, watu wote wana mabegi mgongoni, wote wanakimbilia bufee kwasababu ndo kitu cha kwanza wanachokijua. Usiende bufee. Uliza kama ukumbi mkubwa wa chakula umefunguliwa mchana huo, meli nyingi hufungua na unakaa unahudumiwa kwa raha zako. Zoezi la dharura usilikwepe, kwanza ni lazima, pili baada ya meli ya kitalii Costa Concordia kuzama mwaka 2012 na watu 32 kufa, sheria ilibadilishwa na sasa linafanyika kabla meli haijaondoka au mara tu inapoondoka. Kwenye meli nyingi siku hizi unaangalia video kwenye simu au tivii ya chumbani, afu unakwenda kwenye kituo chako kuhakikiwa, sasa wewe nenda mapema ukishapanda tu, dakika tano umemaliza, ukisubiri mpaka watangaze utajibanza na ukoo mzima wa watu.

Ukimaliza hapo tembea. Simaanishi kuzurura kwa kupiga picha, tembea ghorofa kwa ghorofa kutoka juu kushuka kwa ngazi, na kila ukiona kiti kizuri kilicho peke yake kariri sitaha ya ngapi na upande gani. Mimi huandika kwenye simu. Sehemu ninazozitafuta ni hizi: maktaba au chumba cha kuchezea karata, sebule ya mbele juu yenye vioo vikubwa vya kutazama bahari, ile njia ya mbao inayozunguka meli kwenye sitaha ya chini karibu na maboti ya kuokolea, na baa zote za usiku. Ndiyo, baa. Baa ya muziki inayojaa saa nne usiku, asubuhi saa tatu haina hata nzi, makochi laini, kiyoyozi, unakaa na kitabu chako na hakuna anayekuuliza chochote. Kama umebahatika kupanda meli ya Queen Mary 2 ya kampuni ya Cunard, hiyo maktaba yake ni ya mbele kabisa ya meli na viti vyake vinatazama baharini, mtu unaweza usitoke humo. Ile njia ya maboti nayo ina uzuri wake, upepo ukivuma upande mmoja vuka uende upande wa pili, meli yenyewe inakukinga.

Kwa wanaokimbia watoto (simaanishi vibaya, na mimi ninao) kuna sehemu za watu wazima tu. Meli nyingi za kampuni ya Carnival zina Serenity, ni ya miaka 21 kwenda juu na hulipi. Za Royal Caribbean nyingi zina Solarium, miaka 16 kwenda juu, hulipi pia. Kampuni ya Princess wana The Sanctuary, hiyo unalipia. Kampuni ya MSC wana Yacht Club na ya Norwegian wana The Haven, hizo ni kama meli ndani ya meli, vyumba vyake, bwawa lake, mgahawa wake, ila bei yake kaa chini kwanza ndo uulize. Kuna na vyumba vya joto vya spa vyenye vitanda vya mawe ya moto, hivyo wanauza pasi chache kwa safari nzima, kwahiyo kama unavitaka nenda siku ile ile ya kwanza, siku ya pili unakuta zimeisha.

Masaa sasa. Siku meli iko bandarini na watu wameshuka, baki. Najua inauma umelipia kufika hapo afu usishuke, ila kama safari ina bandari tano, moja isamehe, ile ambayo hata hivyo hukuwa na hamu nayo. Kuanzia saa tatu asubuhi mpaka saa nane mchana bwawa ni lako, lifti zinakuja ukibonyeza tu, na spa wakati mwingine wanapunguza bei siku hizo kwasababu hawana wateja. Siku za baharini ni kinyume chake, watu wote wamo ndani, hapo bwawani nenda kabla ya saa mbili asubuhi au subiri jioni watu wakienda kuoga na kuvaa. Kuanzia saa kumi na mbili jioni watu wanaingia kula kwa zamu na wengine wako ukumbini, sitaha ya juu inabaki wewe na machweo, na hiyo kwangu ndo saa nzuri kuliko zote melini.

Viti vya bwawani watu wanaweka taulo alfajiri na kwenda kulala, meli nyingi zina sheria kwamba kiti kikikaa bila mtu muda fulani taulo linaondolewa. Usiliondoe mwenyewe, mwite mhudumu, utaniambia.

Vya kubeba: vizibo vya masikio (pea tatu, vinapotea), kitambaa cha kufunika macho, hedifoni za kuzuia kelele, na vindoano vya sumaku kwasababu kuta za chumba nyingi ni chuma na ukishaning'iniza nguo na mabegi chumba kinapumua. Waya wa kuongezea soketi wataunyang'anya getini, usihangaike nao. Siku ya kwanza ukikutana na mhudumu wa chumba chako mwambie kwa adabu unapenda kulala mpaka saa ngapi na kama unataka mto mwingine au godoro laini la juu, wanalo mara nyingi ila hawalitangazi. Kitu kingine, ukifungua mlango wa balkoni usifungue wa chumba wakati huo huo, upepo utaubamiza mpaka jirani aamke, na jirani akiamka naye atalipiza.

Ukisikia kigegezi toka nje uangalie upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, usiangalie simu. Tangawizi inasaidia wengine. Dawa za kichefuchefu cha safari zinafanya kazi vizuri ukizimeza kabla hujaanza kuumwa, ila zinaleta usingizi, na kama una mimba au unatumia dawa nyingine muulize daktari kabla ya safari.

Kuna kelele moja tu ambayo hakuna wa kumlalamikia. Ukungu ukishuka, sheria za kimataifa za kuzuia migongano baharini zinataka meli inayotembea ipige honi ndefu ya sekunde nne mpaka sita, na isipite zaidi ya dakika mbili bila kuipiga tena, hata kama ni usiku wa manane. Ilinikuta mara moja, nikavaa koti nikapanda juu, nikakuta wazee wawili wametulia kwenye viti wanaangalia weupe mtupu, na ikipigwa honi wanacheka. Nikakaa nao mpaka kukakucha.

Asubuhi ya mwisho utatolewa chumbani mapema, na kule chini karibu na mlango wa kutokea watu watakuwa wamejazana na mabegi masaa mawili kabla ya zamu zao kuitwa. Wewe panda juu kwenye ile sebule ya vioo uliyoiandika siku ya kwanza, matangazo yanafika hadi huko, na zamu yako ikiitwa ngoja dakika kumi ndo ushuke kwa ngazi.